Maswali ya Wasomaji: Kucheza Axis & Allies Mtandaoni

Katika toleo lililopita tuliueleza kwa kifupi mchezo wa Axis & Allies, ambao mtunzi wake, Larry Harris wa Marekani, aliutoa mara ya kwanza mwaka 1981, na ambao ulienea duniani baada ya kampuni ya Milton Bradley kuuchapisha upya mwaka 1984. Barua zilizofuata hazikuuliza habari za sanduku na vikete vyake vya plastiki, kwani kulipata sanduku lenyewe huku kwetu ni kazi. Karibu zote ziliuliza namna ya kuucheza mtandaoni na mpinzani aliye mbali.

Kwa wasioujua, inatosha kusema kwamba ubao ni ramani ya dunia iliyogawanywa katika maeneo ya nchi kavu na ya bahari. Ujerumani na Japani ndio upande wa Mhimili. Muungano wa Kisovieti, Uingereza na Marekani ndio Washirika. Kila dola, zamu yake inapofika, hununua majeshi, husogeza kete, hupigana kwa dadu, huweka ubaoni majeshi iliyoyanunua, kisha hukusanya mapato ya maeneo inayoyamiliki. Mapato hayo huhesabiwa kwa IPC, yaani fedha za mchezo huu, na kila tunapotaja bei hapa tunamaanisha hiyo. Majibu yetu yanafuata toleo la 1942, chapa ya pili, iliyotoka mwaka 2012, kwa sababu ndiyo wanaoanza hukutana nayo zaidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kompyuta mpakato ya kawaida na ninatumia mtandao wa simu. Nimechoka kucheza na kompyuta yenyewe, maana hunishambulia kwa mtindo ule ule kila siku. Nitampataje mpinzani wa kweli, na itanigharimu kiasi gani? — Msomaji wa Morogoro

JIBU: Kuna njia mbili zinazotumika sana. Ya kwanza ni programu iitwayo TripleA, ambayo ni ya bure, hutengenezwa na watu wanaojitolea, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ya pili ni Axis & Allies 1942 Online ya kampuni ya Beamdog, ambayo huuzwa kupitia Steam na ina sura nzuri zaidi, lakini inakutaka ulipe kwa kadi na uwe na kompyuta yenye nguvu kidogo.

Kwa hali uliyoieleza, tunakushauri uanze na TripleA, tena kwa njia ya barua pepe badala ya kucheza moja kwa moja. Katika mchezo wa barua pepe, unacheza zamu yako kwa utulivu, programu inahifadhi hali ya ubao katika faili dogo, faili hilo linatumwa kwa mpinzani wako, naye analifungua siku hiyo au kesho yake, anacheza yake, anakurudishia. Bando linaloliwa ni dogo, na umeme ukikatika hakuna anayeachwa akisubiri mbele ya kioo. Kucheza moja kwa moja kuna raha yake, hatukatai, lakini mchezo mmoja huchukua saa nyingi na mara chache humalizika kwa kikao kimoja. Jambo jingine ni kwamba mtandao wa simu kwa kawaida hauruhusu kompyuta yako iwe mwenyeji wa mchezo, yaani ile ambayo mwenzako anajiunga nayo. Ukijaribu, mwenzako ataambiwa kwamba hupatikani. Ukitaka kucheza moja kwa moja, mwachie mwenzako aliye na mtandao wa waya awe mwenyeji, au tumieni michezo inayofunguliwa na seva za TripleA zenyewe.

Mpinzani utampata ukumbini, yaani pale programu inapoonyesha majina ya walioko mtandaoni. Jitambulishe kuwa wewe ni mgeni. Wakongwe wengi wa mchezo huu ni wavumilivu kwa mgeni anayesema kuwa ni mgeni, na ni wakali kwa yule anayejifanya mjuzi halafu akachukua nusu saa kwenye zamu ya kwanza.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaamini dadu za mtandaoni zimepangwa. Wiki iliyopita nilikuwa Ujerumani, nikashambulia Karelia kwa askari wa miguu watatu, vifaru viwili na ndege moja ya kivita. Mrusi alikuwa na askari wa miguu wanne tu. Nikarusha dadu sita nisipate hata pigo moja! Yeye akaua wawili. Niliendelea kupigana na mwishowe nikapoteza kila kitu, hata ndege. Nifanye nini na mtu kama huyu? — Msomaji wa Nakuru

JIBU: Pole kwa hasara, lakini tumwache huyo Mrusi kwanza tuangalie hesabu, kwa sababu barua yako ina mambo mawili tofauti na umeyafunga katika furushi moja.

La kwanza ni dadu. Askari wa miguu anayeshambulia hupiga kwa 1 tu, yaani nafasi moja kati ya sita. Kifaru na ndege ya kivita hupiga kwa 1 hadi 3, yaani nusu kwa nusu. Jumla ya nguvu zako ilikuwa 3 ya askari, 6 ya vifaru na 3 ya ndege, ambayo ni 12. Ukigawa kwa 6 unapata mapigo 2 kwa wastani. Wastani huo haukukuahidi kitu. Uwezekano wa dadu zote sita kukosa katika shambulio lile ni takriban asilimia 7, yaani karibu mara moja katika kila mashambulio kumi na manne ya aina hiyo. Mchezo mmoja wa Axis & Allies una mapambano mengi kuliko hayo, kwa hiyo jambo lililokutokea si la ajabu; ajabu ingekuwa kucheza msimu mzima bila kukutana nalo.

Kuhusu udanganyifu, fahamu jinsi dadu zinavyorushwa. Katika mchezo wa barua pepe wa TripleA, dadu hazirushwi na kompyuta yako wala ya mpinzani wako. Hurushwa na seva ya pembeni, ambayo hutuma matokeo kwenye anwani za wachezaji wote wawili. Mtu akitaka kurudia kurusha kwa siri mpaka apate namba anazozipenda, barua za marudio hayo zitakufikia na wewe. Katika mchezo wa moja kwa moja, kompyuta zote mbili huchangia katika kuzalisha namba, hivyo hakuna upande unaoweza kuzichagua peke yake. Isitoshe, programu ina sehemu ya takwimu za dadu, inayoonyesha ni namba zipi zimetoka mara ngapi. Ifungue mchezo ukiisha, tena uifungue hata siku uliyoshinda, maana tumeona kwamba walioshinda huwa hawana haja ya kuzikagua dadu.

La pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo lililokuua, ni ule uamuzi wa kuendelea. Baada ya duru ile ya kwanza ulikuwa umepoteza askari wawili wa miguu, ambao kila mmoja bei yake ni 3, yaani hasara ya 6. Ulibaki na askari mmoja, vifaru viwili na ndege moja. Nguvu yako ilikuwa 10 dhidi ya 8 ya wale askari wanne, kwa kuwa askari wa miguu anayelinda hupiga kwa 1 au 2. Kwa namba hizo ulikuwa bado mbele kidogo, na hapo ndipo wengi hunaswa. Angalia bei sasa. Pigo la kwanza la adui lingekula askari wako wa mwisho, lakini kila pigo baada ya hapo lingekula kifaru cha 6, na mwisho ndege ya 10, ilhali wewe kila pigo lako linaua askari wa 3. Uliweka mezani mali ya 25 ili kuifukuza mali ya 12. Mshambuliaji ana haki ya kurudi nyuma kila duru ya dadu inapokwisha. Anayelinda hana haki hiyo. Ungerudi, ungekuwa umepoteza 6 tu na Karelia ingekungoja hadi zamu inayofuata.

Ukiona dadu zinakukera mno, mkubaliane na mpinzani wako mtumie kanuni ya bahati ndogo, ambayo TripleA inaitoa kama chaguo kabla ya mchezo kuanza. Kanuni hiyo hujumlisha nguvu za jeshi lote, ikagawa kwa 6, na kila sita kamili ikawa pigo la uhakika. Kinachobaki ndicho kinachorushiwa dadu moja. Katika vita yako ya Karelia ungepata mapigo 2 bila kurusha chochote. Sisi hatuipendi sana, kwa sababu humfanya mchezaji apange mashambulio kama mtu anayekata tiketi, akijua atafika saa ngapi, lakini ni halali na wapo mabingwa wanaoitumia.

SWALI: Mhariri, salaam. Mpinzani wangu wa Ulaya alikuwa akijibu ndani ya saa chache. Nilipoichukua Berlin, akanyamaza. Sasa ni mwezi. Je, nihesabu nimeshinda? — Msomaji wa Kisumu

JIBU: Hesabu umeshinda, lakini usijisifu sana, kwa sababu ushindi usio na makubaliano hauna shahidi. Kosa lilifanyika kabla ya dadu ya kwanza. Kabla ya kuanza, andikianeni barua moja fupi yenye mambo manne: kila mmoja ana muda gani wa kucheza zamu yake, akishindwa atoe taarifa vipi, akikaa kimya siku ngapi atahesabiwa ameacha, na mchezo unaishia wapi. Kanuni zenyewe zinasema Mhimili hushinda wakiwa na miji 9 kati ya miji 13 ya ushindi, na Washirika wakiwa na 10, lakini wengi mtandaoni hucheza mpaka mmoja aseme inatosha, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Ongeza na jambo la saa. Aliye Dubai yuko mbele yetu kwa saa moja, aliye Kigali au Bujumbura yuko nyuma kwa saa moja, na aliye New York yuko nyuma kwa saa saba au nane kutegemea majira ya mwaka. Mchezaji wa kule akikuandikia "kesho jioni", jioni yake ni usiku wako wa manane.

Yapo pia makosa ya kidole, kama vile kusogeza ndege ukidhani ni kifaru. Utaratibu unaofaa ni kuruhusu kurekebisha kosa lolote kabla dadu hazijarushwa, na kukataa kabisa baada ya hapo. TripleA ina sehemu ya kuhariri ubao kwa ajili hiyo, na kila uhariri unaonekana kwenye kumbukumbu za mchezo.

SWALI: Ndugu Mhariri, nikiwa Uingereza huwa ninashindwa kuamua kuhusu Afrika. Wengine husema niiache, nipeleke kila kitu Ulaya. Nyumba ikiungua London, Rhodesia itanisaidia nini? Pia nimesikitika kwamba sisi wa Afrika Mashariki hatumo ubaoni. — Msomaji wa Tanga

JIBU: Anza na namba, ndugu yetu, kisha tutakuja kwenye masikitiko. Uingereza huanza na mapato ya 31. Visiwa vyake vyenyewe vinaleta 8. Afrika inaleta 10: Misri 2, Afrika Kusini 2, na 1 kutoka kila moja ya Afrika Magharibi ya Kifaransa, Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, Kongo ya Kibelgiji, Afrika Mashariki ya Kiitaliano, Rhodesia na Madagaska. Yaani bara ambalo rafiki zako wanakuambia uliache lina mapato makubwa kuliko Uingereza yenyewe, na ni karibu theluthi ya mfuko wako wote. Tena kila eneo linaloondoka kwako linaingia kwa Mjerumani, hivyo pengo kati yenu linaongezeka maradufu: ukipoteza 5, wewe unashuka 5 naye anapanda 5.

Mjerumani anayeijua kazi yake hushambulia Misri katika zamu yake ya kwanza. Akishaivunja, hatumi jeshi kubwa kusini. Hutuma kifaru kimoja au viwili, kwa kuwa kifaru kinaweza kupita eneo lisilo na mtu na kuendelea hadi la pili katika zamu hiyo hiyo, kikibadilisha umiliki wa yote mawili. Wachezaji wengi wapya huona maeneo matatu au manne yakigeuka rangi, wakashika kichwa, wakanunua kiwanda Afrika Kusini kwa 15. Sisi hatukushauri. Kiwanda hicho kinaweza kutoa kete mbili tu kwa zamu, kwa sababu idadi haizidi thamani ya eneo, na zitachukua zamu kadhaa kutembea hadi mahali penye vita. Kwa 15 hiyo hiyo ungenunua askari watano wa miguu.

Dawa ya vifaru vinavyozurura ni askari mmoja mmoja wa miguu. Kifaru kikikuta askari hata mmoja, lazima kisimame kipigane, hakipiti. Kwa hiyo usiwakusanye askari wako wote wa Afrika mahali pamoja kwa ajili ya fahari ya kuwa na jeshi. Mwache mmoja kwenye njia ya kwenda kusini, umrudishe mwingine nyuma yake, na Mjerumani atalazimika kupoteza zamu nzima kwa kila 1 anayoitaka. Wakati huo huo tumia askari walioko India: meli ya uchukuzi hubeba askari mmoja wa miguu pamoja na kete nyingine moja ya nchi kavu, nayo inaweza kuwavusha kuelekea Misri au Trans-Jordan wakaichukue tena Misri kabla Mjerumani hajajaza nafasi. Mmarekani akishuka Moroko na Algeria katika zamu zake za mwanzo, vile vifaru vilivyokwenda kusini vitajikuta havina njia ya kurudi. Usimsubiri Mmarekani peke yake, maana huwa wa mwisho kucheza katika kila raundi.

Ukiona Japani imekutolea macho India, hesabu zinabadilika. Hapo ni bora kupoteza Misri kuliko Calcutta, kwa sababu India ina kiwanda na thamani yake ni 3, na Japani ikikipata kiwanda hicho italeta majeshi Afrika bila hata kuhitaji meli nyingi.

Kuhusu masikitiko yako: ni kweli, toleo la 1942 limetukunja vibaya, na Tanganyika haimo hata kwa jina. Katika mchezo mwingine wa mfululizo huo, ulio mkubwa kuliko huu, yaani ule wa Ulaya unaoanzia mwaka 1940, Kenya na Tanganyika zimechorwa, na Ethiopia imo mikononi mwa Waitaliano, kwa hiyo mchezaji wa Uingereza analazimika kupigana huko. Katika toleo letu vita hiyo imeshapita. Watunzi wa ubao wamechagua mwaka 1942, nao Waitaliano wa mwisho walisalimu amri Gondar mwezi Novemba 1941.

Lakini kama unataka kuona jinsi ukanda wetu ulivyohusika na ule mwaka unaouchezea, tazama eneo la bahari lililo mbele ya Mombasa. Aprili 1942, manowari za Kijapani ziliposhambulia Ceylon (Sri Lanka ya sasa), jeshi la majini la Uingereza la mashariki liliondoa sehemu kubwa ya meli zake na kuzileta Kilindini. Wataalamu waliokuwa wakizisoma siri za mawasiliano ya Wajapani nao walihamishiwa Mombasa, wakafanya kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram. Mwezi Mei Waingereza walivamia Madagaska, iliyokuwa chini ya serikali ya Kifaransa ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani, kwa kuhofia Wajapani wasiifanye kituo cha nyambizi, na baadaye mwaka huo brigedi ya Afrika Mashariki ilipelekwa huko. Kwenye ubao Madagaska ni 1 tu na huanza ikiwa ya Uingereza, na wachezaji wengi hawaiangalii kabisa. Mjapani mwenye meli ya uchukuzi isiyo na kazi huiangalia.

SWALI: Assalamu alaykum. Mpinzani ameniuliza nitaichukua Washirika kwa kiasi gani. Sikumwelewa. — Msomaji wa Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam. Amekualika kwenye mnada. Wachezaji wengi wenye uzoefu wanaamini kwamba toleo hili, likichezwa kama lilivyo, linaupendelea Mhimili, kwa hiyo hukubaliana Washirika wapewe IPC za ziada mwanzoni. Mnada huwa wa kushuka: mmoja anasema atachukua Washirika akipewa, tuseme, 15, mwenzake anasema atawachukua kwa 12, wa kwanza anaweza kushuka hadi 10, na anayetaja kiasi kidogo kuliko mwenzake ndiye anayecheza Washirika kwa kiasi hicho. Kawaida fedha hizo hununua kete zinazowekwa kabla ya zamu ya kwanza, si zaidi ya moja katika kila eneo, tena pale tu ulipo na kete tayari. Mwulize mwenzako kama anafuata sharti hilo. Kama huna uzoefu, chukua Mhimili na umwachie mnada. Ukichukua Washirika, weka kete ya kwanza Misri, kwa sababu tulizozieleza kwa msomaji wa Tanga.

SWALI: Mhariri mpendwa, mwanangu wa kidato cha tatu hucheza mchezo huu kila Jumamosi na mwenzake, na mara nyingi yeye ndiye Ujerumani. Babu yake mzaa mama alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, akapelekwa Burma (Myanmar ya sasa). Ninamsikia kijana akishangilia "nimeichukua Moscow", moyo unanienda mbio. Je, nimkataze? — Mama wa Moshi

JIBU: Mama, wasiwasi wako una msingi, wala hatutakuambia kwamba ni mchezo tu. Kwanza jua kinachoonekana kwenye kioo. Kete za Ujerumani zina alama ya msalaba wa kijeshi, si ile ya chama cha Nazi; hakuna kambi za mauaji, hakuna raia, hakuna njaa. Mchezo unahesabu ardhi, fedha na kete. Hilo linamkinga kijana asichezee mambo ya kutisha, lakini pia linaweza kumfanya adhani kwamba vita ile ilikuwa ugomvi wa mapato kati ya madola matano. Hapo ndipo mzazi anapohitajika.

Kuchukua upande wa Mhimili hakumaanishi kuupenda. Lazima mmoja acheze Ujerumani ndipo kuwe na mchezo, na wachezaji makini hubadilishana pande kila mchezo mmoja unapokwisha. Muulize mwanao kama hufanya hivyo. Akisema hataki kabisa kuwa Washirika, uliza sababu, na usikilize vizuri jibu lake. Kama ni kwa sababu Ujerumani ina mapato ya 41 na vifaru vingi, huyo ni mchezaji wa kawaida anayependa kushambulia. Kama jibu lina harufu nyingine, au kama anaocheza nao mtandaoni wanajiita kwa majina ya viongozi wa Nazi na kutoa kauli za chuki, basi mwondoe kwao siku hiyo hiyo. Programu hizi huruhusu kumzuia mtu, na kumbi zake zina wasimamizi wanaopokea malalamiko.

Kisha mketishe mbele ya ramani ile ile umwonyeshe Burma kwa kidole. Thamani yake ubaoni ni 1. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya sasa), ilishuka kwenye bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya huko, matope yakifika magotini, magari yakikwama, malaria na homa vikiwaangusha watu kama risasi, na ilifika mto Chindwin na kuuvuka Kalewa mwezi Desemba. Hakuna kete ya Keya katika mchezo huu. Askari wote wa himaya ile wana rangi moja. Kama kuna mtu katika ukoo wenu anayekumbuka aliyoyasimulia babu, au kuna picha, barua au nishani sandukuni, Jumamosi hiyo ndiyo ya kuitoa. Sisi tusingemkataza.

SWALI: Moscow yangu imeanguka raundi ya tano. Ninacheza Washirika. Niendelee au nikubali? — Msomaji wa Bujumbura

JIBU: Moscow ikianguka, Mrusi hupoteza fedha zote alizokuwa nazo mkononi, zinakwenda kwa aliyeuteka mji, na hakusanyi tena mapato mpaka mji ukombolewe. Hilo ni pigo kubwa, ila si lazima liwe mwisho. Kabla hujaandika barua ya kukubali, tazama kwanza kama Berlin au Tokyo inaweza kufikiwa katika zamu mbili zijazo. Mjerumani mara nyingi huichukua Moscow kwa kuiacha Berlin na askari wachache, na Uingereza na Marekani zikishuka kwa pamoja zinaweza kumnyang'anya mji wake mkuu na akiba yote aliyoteka. Pili, hesabu mapato ya pande zote baada ya zamu hii. Mhimili ukiwa umekuzidi kwa 15 au zaidi, na hakuna mji mkuu wa adui unaoufikia, mwandikie mpinzani wako leo kwamba amekushinda, umwombe mchezo mwingine, na safari hii wewe uwe Mhimili.